Cheti cha Kushiriki Hakirushi Ndege

Leo nina neno na wazazi kuhusu karatasi wanazoletewa na watoto wao.

Nyumba nyingi hapa kwetu pwani, Gongoni, Mambrui na Ngomeni, zina bahasha ya vyeti. Kijana kahudhuria semina ya siku mbili ya droni, kaingia warsha ya uongozi, kapigwa picha na wafadhili. Cheti kinang'aa, nembo juu, sahihi chini, na katikati kimeandikwa: kwa kushiriki. Mwajiri akikisoma hajui huyu kijana anaweza kazi gani. Kijana naye hajaambiwa.

Mambo ya anga hayaendi hivyo. Chini ya kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ukifika miaka 16 waweza kupata leseni ya mwanafunzi rubani. Ukitimiza 17, leseni ya rubani binafsi, asiyeruka kwa malipo. Hiyo ya pili yataka saa 40 angani, na 10 kati yake uwe peke yako. Humo mna safari moja ya kilomita 270 au zaidi, unatua viwanja viwili tofauti. Hebu mfikirie binti wa Gongoni yuko peke yake ndani ya ndege: mafuta kayapima mwenyewe, upepo kausoma mwenyewe, na sauti inayomjibu redioni ni ya mnara wa Malindi. Akishatua anaandika kitabuni mwake tarehe, namba ya ndege, alikotoka, alikotua, dakika alizoruka. Mkufunzi anatia sahihi. Mstari huo mmoja nauthamini kuliko bahasha nzima ya semina, kwa sababu unasema alichokifanya.

Leseni ya kurusha ndege kwa malipo haitolewi kabla ya miaka 18. Ya rubani wa droni vilevile. Basi anayemfundisha droni mtoto wa miaka 15 na amwambie ukweli huo siku ya kwanza.

Najua gharama, jamani. Saa moja ya ndege ni pesa nyingi, na ujira wa kibarua wa mashamba ya chumvi haufiki huko. Ndiyo maana nasema tuanzie chini. Uingereza wana kikosi cha vijana wa anga tangu 1941, na kijana hupanda daraja kwa kufaulu masomo na mitihani. Sisi hapa tuna mpango wa vijana wa Tuzo ya Rais, ulioanza Kenya mwaka 1966. Daraja la shaba unaanza ukiwa na miaka 14, fedha 15, dhahabu 16. Shaba peke yake haichukui chini ya miezi sita: kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari ya kulala nje. Kupanda mikoko Ngomeni ni huduma. Kupima hali ya hewa kila asubuhi shuleni ni ujuzi, na rubani yeyote atakwambia ndio ujuzi wa kwanza. Atakayependa ufundi wa ndege au kuongoza ndege, kipo chuo cha usafiri wa anga Embakasi.

Na sisi si wageni wa anga. Roketi za kubeba setilaiti zilianza kurushwa baharini hapo Ngomeni mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Inaniuma kwamba kizazi baada ya kizazi kimeiona ile minara ya kurushia roketi kutoka ufuoni, na hakuna aliyekibandikia darasani ngazi ya kuifikia.

Kwa hiyo mzazi, ukiletewa fomu ya ruhusa, usitie sahihi upesi. Muulize mwenye mradi: mwanangu akimaliza ataweza kufanya nini, nani ataitambua karatasi yake, na hatua inayofuata iko wapi?