Maji ya Mvua Katika Migodi Midogo ya Dhahabu



Leo nataka kusema nanyi juu ya maji ya mvua katika migodi midogo ya dhahabu, kama ile ya Migori na Kakamega. Mchimbaji asikiapo ngurumo huogopa jambo moja, nalo ni shimo kujaa maji hali wenzake wako chini. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini iko hatari ya pili ambayo haina kelele, nayo ni maji yatokayo mgodini kwenda kwa jirani.

Kwanza tuyapime maji hayo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Basi uwanja wa mita 30 kwa 20, ukinyeshewa milimita 25 alasiri moja, hupokea lita 15,000, yaani mapipa 75 ya lita 200. Maji hayo yote yatatafuta njia ya kuteremka, na kila yakipitacho yatakichukua.

Yatachukua nini? Yatachukua tope, mafuta ya mashine, na zebaki iliyotumiwa kukamatia dhahabu. Zebaki ikifika mtoni au ziwani, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni mwa mamaye. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, ugonjwa wa namna hiyo ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Mto Migori nao huungana na Mto Kuja, na maji yake huishia katika Ziwa Viktoria, ambamo watu wengi hupata kitoweo chao.

Tena liko lile jiwe la manjano ling'aalo ambalo wengi hulidhania kuwa dhahabu. Ndani yake mna chuma na kiberiti. Likikaa chini ya ardhi halina neno. Likitolewa nje, likapata hewa na maji, hutoa tindikali iwezayo kuyeyusha madini yenye sumu. Mkiona kijito kina utando wa rangi ya kutu, jueni hiyo ni dalili.

Sasa tufanye nini? Shabaha ni moja tu: maji safi yasikutane na uchafu.

Jambo la kwanza, chimbeni mtaro upande wa juu wa mgodi, ili maji ya mlimani yapite kando yakiwa bado safi. Mtaro huu hauhitaji fedha. Wahitaji majembe na siku chache za kazi.

La pili, inueni udongo kuzunguka mdomo wa shimo na kuushindilia, kisha mwezeke paa juu yake. Kwa kazi hiyo mtakuwa mmewalinda na walio chini.

La tatu, mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa uwekwe mbali na kijito, juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na kuzungushiwa tuta. Kumbukeni kwamba zebaki haikamati dhahabu yote. Mchanga ule ukichukuliwa na mvua, mali yenu imekwenda pamoja nao.

La nne, maji ya uwanjani na yale yanayopigwa pampu kutoka shimoni yapitishwe katika mabwawa mawili, moja baada ya jingine, ili tope litue. Lizoeni tope hilo wakati wa kiangazi. Lakini msidanganyike: bwawa hutuliza tope, haliondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka. Maji hayo si ya kunywa, wala ya kunyweshea ng'ombe.

La tano, mafuta na dawa zote zikae chini ya paa, juu ya sakafu yenye ukingo. Na zebaki, iliyo bora ni kutoitumia kabisa.

Pengine mtu atasema, "Mgodi wangu ni mdogo, utadhuru nini?" Mashimo madogo mia moja kandokando ya mto mmoja si jambo dogo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imemtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kupata kibali. Na Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutia sumu katika maji. Haki na wajibu huenda pamoja.

Basi, ndugu zangu, itazameni mitaro kabla ya masika, na kila baada ya mvua kubwa itazameni tena. Mama atekaye maji huko chini hawezi kuiona sumu kwa macho; ninyi mlio juu ndio mnaoweza kuizuia. Maji yakimwagika hayazoleki.