Tumsomeshe Nyumbani au Tumpeleke Shule?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha usingizi wa Alasiri mkaja hapa, nitajaribu kuwa mfupi. Najua kuna sufuria zinangoja majumbani.

Mada niliyopewa ilikuwa malezi kwa jumla. Lakini tumeletewa karatasi ya swali kutoka upande wa kina mama, na nimeona bora tukae na swali hilo. Dada anaeleza kuwa ana binti wa miaka mitano, yuko PP2. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi basi la shule. Anarudi alasiri, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni mpaka Magharibi. Akirudi kuna kazi ya shule. Alikuwa mchangamfu, sasa analia kila asubuhi, na akifunguliwa juzuu anasinzia. Mama anataka kumtoa shule amsomeshe mwenyewe nyumbani. Baba hataki kusikia, anasema mtoto atabaki nyuma. Wamefika pahali hawasemezani.

Hebu tupige hesabu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka Magharibi ni kama saa kumi na tatu. Jamani, nani kati yetu anafanya kazi saa kumi na tatu? Na huyu ana miaka mitano! Kwa hivyo mama hajakosea kuona kuna tatizo. Tunalotaka kujua ni kama dawa yake ni hiyo anayoitaka.

Sote tunajua katika Surat Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa kujikinga sisi na watu wa nyumba zetu na moto. Amri hiyo imeelekezwa kwa wenye nyumba. Ukishalipa karo hukuihamishia kwa mwalimu mkuu. Lakini pia sijaona pahali mzazi alipokatazwa kutafuta msaada wa mwalimu. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa Pwani tunafuata madhehebu yake, alizaliwa Gaza mwaka wa 150 Hijria, baba akafa yeye angali mdogo, mama yake akampeleka Makka. Hakuwa na pesa za kumlipa mwalimu. Inapokewa kuwa mtoto alikaa darasani akashika kila alichosikia, na mwalimu akiondoka yeye huwasomesha wenzake, mpaka mwalimu akaridhika kutodai malipo. Akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba. Mama yule alikuwa na kila sababu ya kumweka nyumbani, lakini alimtafutia mwalimu. Tena hakumwachia mwalimu kazi yote ya malezi.

Wengine wanasema kusomesha mtoto nyumbani ni mambo ya Kizungu. Si kweli. Lamu na Mji wa Kale hapa Mombasa, vyuo vingi vilikuwa ni nyumba za watu. Bibi amekaa anasuka ukili, watoto wamemzunguka na alif na be zao, na akikosea mtoto wa mwisho kule yeye anamsikia. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka wa 1858, alikuwa mama anayesomesha nyumbani. Lakini tazameni, mtoto wa vyuo vile alikuwa na mwalimu anayejua anachosomesha, alikuwa na wakati maalum, na alikuwa na wenzake. Leo mama akiniambia atasomesha nyumbani, namuuliza hayo matatu. Akinijibu kuwa atampa simu aangalie katuni za herufi huku yeye anapika, hapo hakuna shule.

Na tulishajaribiwa. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wengi wadogo hawakurudi mpaka Januari 2021. Karibu miezi tisa nyumba zote za Kenya zilikuwa shule. Kila mmoja anajua yaliyotokea kwake. Ziko nyumba mtoto alitoka anasoma vizuri zaidi, na ziko nyumba alisahau hata kushika penseli. Waulizeni waliofaulu, wengi watawaambia siri haikuwa vitabu. Kulikuwa na mtu mzima mmoja aliyekaa chini na mtoto kila siku, saa ile ile, hata kama ni saa mbili tu. Kwa mtoto wa umri huu saa mbili au tatu za uangalifu zinatosha sana.

Kuna jambo jengine lazima niliseme, hata kama halipendezi. Hofu peke yake isitufanye tumtoe mtoto shule. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za wamishonari, na wazee wetu waliogopa watoto wasije wakabadilishwa dini. Hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini wengi waliwazuia watoto wao na hawakuweka kitu mahali pake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, aliliona pengo hilo mapema. Katika magazeti yake, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932, aliwahimiza Waislamu washike elimu ya wakati wao bila kuiacha dini. Pengo hilo bado tunalilipia, na wanaolipa zaidi ni mabinti.

Halafu kuna sheria, na Muislamu si mtu wa kuishi kwa kujificha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na anayekosa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wazazi Kenya wanaosomesha nyumbani, lakini msiingie mkidhani ni jambo jepesi kisheria. Kaeni na wakili au afisa wa elimu kwanza. Na mtoto husajiliwa mitihani ya taifa kupitia shule, na katika CBC kazi za darasani nazo huhesabiwa. Anayeanza leo na mtoto wa miaka mitano ajiulize mtoto huyo atasajiliwa wapi akifika Gredi ya 6.

Sasa nimjibu dada. Rai yangu, na maustadhi mtanisamehe, ni hii: kabla ya kuitoa shule, lete chuo nyumbani. Kwa umri wake msimamishe ile safari ya alasiri. Msomeshe Qur'ani wewe mwenyewe, dakika ishirini, akiwa macho. Kama kisomo chako hakiko sawa, mtafute mwalimu wa kike aje mara tatu kwa wiki, na wewe ukae usome pamoja naye. Alasiri acheze. Kucheza kwa mtoto si kupoteza wakati. Mwaka wa 1986 hapa Mombasa ulipoanza mradi wa chekechea za madrasa, aliousimamisha mwalimu wetu Bi Swafiya Said, watoto walihesabu kwa vifuu, makombe na mbegu, na walimu walikuwa kina mama wa mitaa hiyo hiyo. Vifuu kila nyumba vipo.

Pili, tafuteni chekechea ya karibu, anayoweza kwenda kwa miguu na kutoka saa sita mchana, hata kama jina lake si kubwa. Basi la alfajiri ndilo linalomuua mtoto huyu. Tunawapandisha watoto mabasi kuvuka mji mzima kwa sababu ya jina la shule. Basi akilala mpaka saa kumi na mbili na nusu, huenda kilio chote kikaisha.

Mkifanya hayo kwa muhula mmoja na bado mtoto anaumia, hapo mazungumzo ya kumsomesha nyumbani yana haki ya kufunguliwa, na mimi sitamlaumu mama. Lakini yafunguliwe na watu wawili. Baba asiseme tu hapana halafu aende barazani. Akisema shule, yeye ndiye ampeleke asubuhi na aulize mwalimu anamtendeaje. Na akikubali nyumbani, ajue mkewe hawezi kusomesha, kupika, kufua na kunyonyesha wakati mmoja. Lazima achukue sehemu yake, na sehemu hiyo si kununua vitabu peke yake.

Baba huyo kama yuko hapa, na ninadhani yuko, usiku wa leo baada ya Tarawehe asikimbilie kahawa. Arudi nyumbani, wakae wazungumze mtoto akiwa amelala.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.