Mtoto Asiyetulia Naye ni Amana

Mazungumzo mbele ya wazazi na walimu wa madrasa wa wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetujalia watoto, akatufanya walinzi wao, na ambaye atatuuliza juu ya ulinzi huo. Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mtoto mwema anayesoma na kutii, na juu ya mtoto mkaidi anayehitaji kuonywa. Leo tumeona yafaa tuzungumze juu ya mtoto ambaye hayumo katika mafungu hayo mawili, ingawa kwa kutojua kwetu humtia kila siku katika fungu la pili. Huyu ni mtoto asiyetulia.

Kila mmoja wetu anamjua. Hutumwa dukani kununua chumvi, akarudi jua likizama bila chumvi wala fedha, naye mwenyewe hajui fedha zilidondoka wapi. Hupewa ng'ombe awachunge, akaona ndege akamfuata, na huku nyuma ng'ombe wakaingia katika mahindi ya jirani. Hujibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Katika madrasa huinuka mara kumi kabla ya sura moja fupi kwisha. Hupoteza kalamu, daftari, na hata kiatu kimoja. Baba arudipo jioni kutoka mgodini, sokoni Sirari au shambani, hukuta mashtaka yanamngoja mlangoni, na siku hufungwa kwa fimbo. Kesho yake mambo ni yale yale.

Wanakijiji humwita mtundu, mkaidi, kichwa maji. Wengine husema ana pepo, na wengine humlaumu mama kwamba amemdekeza. Tunaomba tuyapime majina haya kabla ya kuyatumia tena.

Hali hii ni nini?

Mwaka 1902, daktari wa watoto aitwaye George Still alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto wenye akili timamu, ambao wengine walilelewa vizuri, lakini walishindwa kujizuia na kutulia. Yeye alidhani kwamba kasoro imo katika tabia. Elimu iliyofuata imeonyesha kwamba jambo lenyewe lahusu namna ubongo unavyoongoza umakini, kumbukumbu ya jambo la sasa hivi, na uwezo wa kusita kabla ya kutenda. Siku hizi madaktari huiita hali hiyo kwa herufi ADHD, nasi twaweza kusema ni upungufu wa umakini na utulivu.

Kwa makadirio ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi, watoto wapatao 5 katika kila 100 wana hali hii. Basi katika darasa lenye watoto 80, jambo lisilo geni katika shule zetu, huenda wakawamo wanne. Aidha hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Si ajabu bibi akamtazama mjukuu wake akasema, hata baba yake alikuwa hivi hivi. Kwa hiyo baba anayeinua fimbo huenda anampiga mtoto kwa jambo alilomrithisha yeye mwenyewe bila kujua.

Yafaa tufahamu pia kwamba si kila mtoto mchangamfu ana hali hii. Watoto wote hukimbia na kusahau. Madaktari hutaka kuona kwamba dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na zinaharibu maisha ya mtoto kwa kweli. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, lakini ametulia kwingine kote, huenda tatizo lake liko mahali pengine.

Kadhalika wako watoto, wakiwamo wasichana wengi, ambao hawakimbii wala hawapigi kelele. Hukaa kimya, macho yako kwa mwalimu na mawazo yako mbali. Hawa huitwa wazubavu, nao husahauliwa kabisa. Katika mkoa wetu kusahauliwa huko kuna hatari yake. Binti akionekana kwamba shule imemshinda, hapakosekani mtu wa kuanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Tangu mwaka 2016 sheria yetu inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, lakini sheria haiwezi kumlinda binti ambaye wazazi wake wamekwisha mkatia tamaa.

Mchelea mwana kulia

Wazee watatuambia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nasi twakubali. Mtoto wa namna hii anahitaji malezi yenye mipaka kuliko mtoto mwingine yeyote, na mzazi anayemwacha afanye apendavyo anamdhulumu. Lakini tuulize, fimbo inamfundisha nini? Mtoto huyu anajua kwamba ng'ombe hawatakiwi shambani kwa jirani. Ukimwuliza usiku atakueleza sawasawa. Kinachomshinda ni kulikumbuka hilo wakati uleule ndege anaporuka mbele yake. Fimbo ya jioni haiwezi kufika mchana alipokuwa malishoni. Inachomfundisha ni kuficha, kusema uongo, na kuamini kwamba yeye ni mtu mbaya. Akiisha kuamini hivyo, amepotea kweli, na sisi ndio tuliomwonyesha njia.

Tutazame mwenendo wa Mtume s.a.w. Anas bin Malik r.a. alimtumikia akiwa kijana mdogo. Imepokewa kwamba siku moja alitumwa kazi, akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni akasimama pale. Mara Mtume s.a.w. akamshika kisogoni kwa nyuma. Anas akageuka, akamwona anacheka. Akamwuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa, naye Anas akajibu kwamba sasa anakwenda. Hatusemi kwamba Anas r.a. alikuwa na hali hii. Tunasema kwamba hapa yupo mtoto aliyetumwa na akasahau njiani, na hapa yupo Mtume wa Mwenyezi Mungu. Alimfuata mpaka pale alipo, akamgusa, akamkumbusha, na kazi ikaendelea. Hata wataalamu wa leo hawana shauri jema zaidi la kuwapa wazazi.

Nyumbani

Basi tufanye nini? Kwanza, tumpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mama anaposema, chota maji, fungia mbuzi, kisha kamwite dada yako, mtoto husikia la kwanza au la mwisho. Tumsogelee, tumtazame usoni, tumwambie jambo moja, naye alirudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka.

Pili, siku yake iwe na mpangilio usiobadilika. Katika hili sisi Waislamu tumepewa neema, kwani sala tano huigawa siku kwa namna ambayo hata mtoto asiyejua saa anaifahamu. Baada ya Alfajiri, kunawa na kuvaa sare. Baada ya Alasiri, kazi ya nyumbani kwanza kisha mchezo. Baada ya Magharibi, daftari kwa muda mfupi. Baada ya Isha, kulala, kwani usingizi mchache huzidisha hali hii.

Tatu, sifa imfikie papo hapo. Akitenda jema asingoje hadi Ijumaa kusifiwa. Akikosea, matokeo yawe madogo, ya haraka na yenye kujulikana tangu mwanzo, kama vile kukosa mchezo kwa muda mfupi, au kulitengeneza alichokiharibu kwa mikono yake.

Nne, tumlinde. Mtoto anayetenda kabla ya kufikiri yumo hatarini zaidi ya wenzake, na wilaya zetu zina hatari zake. Upo Mto Mara wenye mamba. Ipo barabara kuu ya Sirari yenye malori. Upo mpaka wa Hifadhi ya Serengeti, ambapo mifugo ikivuka hukamatwa, na ambapo tembo hutoka kuingia mashambani. Yapo mawe ya mgodi kule Nyamongo yanayowavuta vijana, na wengi wamejeruhiwa. Mtoto huyu asipewe ng'ombe peke yake. Aende na mwenzake mkubwa. Na wale wanaosafisha dhahabu kwa zebaki, kamwe wasiichome nyumbani wala karibu na mama mjamzito, kwa maana moshi wake hudhuru ubongo wa mtoto, hata yule aliye tumboni.

Shuleni na hospitalini

Mzazi asingoje kuitwa na mwalimu. Aende mwenyewe, amweleze hali ya mtoto, aombe akae mbele, mbali na dirisha, na apewe kazi za kumwinua, kama kufuta ubao au kukusanya madaftari. Ajue pia kwamba kwa kanuni za mwaka 2002 viboko shuleni havizidi vinne, na hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Tuyaseme haya kwa adabu, kwani mwalimu mwenye watoto 80 naye anabeba mzigo mzito.

Kisha twende hospitali. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha hali hii. Daktari huijua kwa kumsikiliza mzazi na mwalimu na kumchunguza mtoto. Lazima kwanza ahakikishe kwamba mtoto anasikia na kuona vizuri, kwamba hana kifafa, na kwamba malaria kali haikumwachia athari ubongoni. Mengi ya hayo yanaweza kuanzia katika hospitali zetu za Tarime na Mugumu. Ikihitajika rufaa, iko hospitali ya mkoa mjini Musoma, na zaidi ya hapo Bugando, Mwanza, yenye idara ya afya ya akili. Safari ya Mwanza ni gharama kwa familia nyingi, na ndiyo maana tutasema neno juu ya mfuko wa msikiti.

Dawa zipo. Ile ijulikanayo zaidi, methilifenidati, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na imewasaidia watoto wengi. Haiponyi kabisa, ina madhara yake, na hutolewa na daktari tu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, kumfundisha mzazi namna ya kulea hutangulia dawa. Tumwombee mtoto dua usiku na mchana, lakini tumwogope Mwenyezi Mungu juu ya wale wanaowafunga watoto kamba, kuwachanja na kuwafukiza moshi kwa kudai wanatoa pepo.

Msikitini

Mwisho tujihukumu sisi wenyewe. Tumesikia kutoka kwa akina mama kwamba wameacha kuja msikitini. Mtoto alikimbia mbele ya safu, mzee akamkemea kwa sauti, watu wakageuka kumtazama mama, naye tangu siku hiyo husali nyumbani. Ndugu zetu, tulidhani tumemtoa mtoto mmoja, kumbe tumeitoa nyumba nzima.

Mtume s.a.w. alisali huku amembeba mjukuu wake Umama. Alipomsikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Na mjukuu wake alipompanda mgongoni akiwa katika sijda, aliirefusha mpaka masahaba wakadhani limetokea jambo, kisha akawaeleza kwamba hakupenda kumharakisha mtoto. Je, heshima ya msikiti wetu imezidi heshima ya msikiti wake?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika kila msikiti wa wilaya hizi mbili. Mwalimu wa madrasa amgawie mtoto huyu somo fupi fupi, amruhusu kusoma akiwa amesimama, na ampe kazi ya kutandika na kukunja mikeka. Katika kila safu awepo mtu mzima mmoja aliyeagizwa kumsimamisha kando yake na kumshika mkono, ili mama asali kwa utulivu. Na mfuko wa msikiti utenge nauli kwa mzazi aliyepewa rufaa ya kwenda Musoma au Mwanza, kama tunavyochanga kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Akina mama waliotulia nyumbani kwa aibu tunawaambia, rudini. Kelele za watoto wenu tutazizoea.

Mwenyezi Mungu atupe subira katika malezi, awape watoto wetu utulivu wa moyo, na atujalie tumrudishie amana yake ikiwa salama. Amin.