Kishikwambi Katika Ndege Ndogo: Namna ya Kukichagua na Mahali pa Kukifunga

(Mazungumzo kwa marubani binafsi, wanafunzi wa urubani na wamiliki wa ndege ndogo)



Neno kishikwambi lilienea nchini mwetu wakati wa Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa hivyo mikononi. Leo kifaa cha namna hiyo kimo katika ndege nyingi ndogo, kikionyesha ramani, njia na mahali ndege ilipo. Faida yake haina ubishi. Lakini muuzaji wa dukani hauzi chombo cha anga. Anauza kifaa cha kusomea na kutazamia picha sebuleni. Yote nitakayoyasema yanatokana na tofauti hiyo.

Swali la kwanza ni hili: je, kishikwambi hicho kina kipokezi chake cha setilaiti, yaani GPS? iPad za Wi-Fi peke yake hazina. Zile zinazoweza kutumia laini ya simu ndizo zilizo nacho, na hufanya kazi hata kama hukununua bando. Hapa wateja wengi huponzwa na jaribio la dukani. Muuzaji hufungua ramani, alama ya mahali mlipo ikatokea pale pale mtaani, naye husema, “Si unaona, ina GPS.” Kumbe kifaa kimekisia mahali kwa kusikiliza mitambo ya Wi-Fi ya majengo ya jirani. Juu ya Ziwa Viktoria hakuna Wi-Fi ya jirani. Kwa iPad, ipo njia nyepesi ya kuhakikisha: fungueni mipangilio, mtafute namba ya IMEI. Isipokuwapo, hicho ni cha Wi-Fi tu. Vishikwambi vya Android havifuati kanuni hiyo, kwani baadhi ya vile vya Wi-Fi tu vina kipokezi. Someni karatasi ya sifa za modeli yenyewe. Aliyekwisha kununua kisicho na GPS asikitupe. Kipokezi cha nje kinachounganishwa kwa Bluetooth humaliza tatizo, aghalabu kwa bei ndogo kuliko kununua kifaa kipya.

Kuhusu ukubwa, msiamini macho yenu mkiwa dukani. Kateni boksi la kadi kwa vipimo vya kifaa mnachokitaka, mwingie nalo ndani ya ndege, mlishikilie pale mnapotaka kukifunga. Wengi watagundua kuwa kioo cha inchi 8 hivi kinatosha katika ndege ya aina ya Cessna 172, na kwamba cha inchi 11 huficha saa ambazo rubani anazihitaji. Kadi haigharimu kitu.

Sasa nije kwenye joto, ambalo kwa hali ya hewa yetu naliona ni jambo zito kuliko bei. Kampuni ya Apple hueleza kuwa iPad hutumika katika hewa yenye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Ndege iliyofungwa milango ikiwa juani Mwanza au Dodoma hupita kiwango hicho upesi. Ongezeni kioo cheusi kinachopigwa na jua, mwangaza uliopandishwa hadi mwisho, kipokezi kinachofanya kazi bila kupumzika, na betri inayochajiwa wakati huo huo. Kifaa hujilinda kwa kufifisha mwangaza, kisha huonyesha onyo la joto na kukataa kutumika hadi kipoe. Hakichagui wakati. Chaweza kuzima rubani anapotafuta kiwanja cha Arusha, kilicho kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, huku mawingu yameufunika Mlima Meru ulio jirani, wenye mita 4,566.

Tiba yake si ya gharama. Kivueni mfuko wa ngozi, kwa maana mgongo wa kifaa ndio unaotoa joto. Kifungeni penye kivuli na upepo wa tundu la hewa. Kichajini nyumbani kijae, ili kisichajiwe kwenye jua la saa saba mchana. Msikiache juu ya dashibodi ndege ikiwa imeegeshwa. Wala msikitie kwenye friji kukipoza. Unyevu hujikusanya ndani yake.

Mahali pa kukifunga ni patatu, na hakuna palipo bora kwa kila ndege. Kwenye usukani kifaa husomeka vizuri, lakini lazima usukani uzungushwe kushoto na kulia hadi mwisho, uvutwe nyuma na kusukumwa mbele hadi mwisho, kiti kikiwa pale rubani anapokaa, magoti yakiwa mahali pake na waya wa chaji ukiwa umechomekwa. Kikigusa chochote, hata mara moja, hapo si mahali pake. Pajani, kwa mkanda, hakizuii usukani wala kioo. Ila humlazimu rubani kuinamisha kichwa mara kwa mara, na ndani ya mawingu kuinama na kuinuka huvuruga hisia ya mwelekeo. Njia ya tatu ni kikombe cha mpira kinachonyonya kioo cha pembeni. Kikombe hicho hushikiliwa na kani ya hewa ya nje, na kwenye futi 10,000 kani hiyo ni takriban saba ya kumi ya ile ya pwani. Kilichoshika imara Dar es Salaam chaweza kubanduka angani, au kwa mtikisiko wa kutua kwenye kiwanja cha vumbi. Kikianguka kwenye pedali za miguu, hatari yake ni kubwa kuliko kukosa ramani. Kifungeni kamba ya akiba. Kioo cha mbele kiacheni wazi kabisa.

Yeyote anayetaka kutoboa dashibodi au kuunga waya kwenye umeme wa ndege aelewe kuwa hilo ni badiliko la ndege, si kazi ya fundi simu. Huanzia kwa mhandisi wa ndege mwenye leseni.

Chaja nazo huleta madhara yasiyoonekana. Ndege nyingine zina umeme wa volti 14, nyingine 28, na chaja ya gari iliyotengenezwa kwa volti 12 haifai kwenye hizo za 28. Chaja hafifu hutia kelele kwenye redio: iwasheni na kuizima mkisikiliza masafa ya mnara. Kisha sogezeni kishikwambi na kishikio chake karibu na dira, halafu mbali. Sindano ikicheza, sumaku ya kifuniko ndiyo mkosaji. Miwani ya jua ya polaroidi nayo huweza kuufanya ukurasa uonekane mweusi kifaa kikigeuzwa upande. Vaeni miwani yenu mnapojaribu dukani.

Ramani zipakuliwe kabla ya kuondoka. Taarifa za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, hivyo bei ya programu ihesabiwe kwa mwaka mzima wa masahihisho. Ramani ya karatasi ibaki ndani ya ndege. Kwa maoni yangu, mwenye fedha za kifaa kimoja cha kifahari hufanya vema akinunua viwili vya kawaida.

Daini risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. IMEI ya kwenye boksi ilingane na ile ya kwenye mipangilio, na mnaweza kuihakiki kwa kuituma kwenda 15090. Kwa kifaa kilichotumika, muuzaji aondoe akaunti yake mbele yenu, nanyi mkiwashe upya na kuingiza ya kwenu kabla ya kulipa.