TUKIULIZA VIBAYA TUTAJIBIWA VIBAYA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, siku ya mkutano wa mwaka)



Kwanza natoa shukrani zangu kwa kupewa nafasi hii. Barua ya Katibu iliponifikia, ikiniomba nieleze kazi yangu, nilisita. Miongoni mwetu wamo mahakimu, wahandisi, wakulima hodari na viongozi wa dini. Mimi ni mtumishi wa umma ambaye kutwa nzima huketi mbele ya kompyuta nikitafuta hesabu za wagonjwa. Sijui kudunga sindano. Lakini Katibu alishikilia, nami nikakumbuka kwamba katika shule hii aliyeitwa mbele haruhusiwi kukataa.

Naomba nianzie bwenini. Kiranja wa bweni alikuwa na daftari lenye majina ya wote waliolala humo. Kiranja wa chakula naye alikuwa na daftari lake, na aliyefika bwaloni aliandikwa. Sasa tuseme mwalimu wa zamu anataka kujua kama wanafunzi wote wamekula. Anamwagiza mtu ayachukue madaftari yote mawili, aandike orodha mpya ya majina yanayoonekana huku na huku, kisha ahesabu ni wangapi katika orodha hiyo wamekula. Jibu litakuwa: wote. Wala si uongo, kwa maana kila jina lililomo katika orodha ile mpya limekula. Lakini kijana aliyelala kitandani na homa, asiyefika bwaloni, jina lake halimo. Hakuandikwa kwamba amekosa chakula. Hakuandikwa kabisa. Naomba mfano huu tuuweke akilini, maana nitaurudia.

Wengi wetu tunayajua madaftari makubwa ya zahanati zetu, yaani vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 12 ni cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi muuguzi, baada ya kazi ya kutwa, huketi na kalamu akichora vijiti vinne na cha tano kukatiza, apate jumla ya kupeleka wilayani. Jumla hizo siku hizi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na ambao umeendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway pamoja na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hospitali nyingi sasa zimekwenda hatua moja mbele. Mgonjwa mwenyewe huandikwa katika kompyuta tangu anapofika dirishani. Jambo hili si la kigeni kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, ulianzishwa mfumo mdogo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na kazi iliyofanywa huko, na nyingine ya namna hiyo ya madaktari wa Boston, ukazaliwa mwaka 2004 mfumo wa OpenMRS, ambao hutolewa bure na umetumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo, vijana, msidhani kwamba mambo haya yote hushuka kwetu kutoka ng'ambo yakiwa tayari yamepikwa. Mengine yamepikwa katika jiko letu.

Ndani ya kompyuta, habari za mgonjwa hazikai katika faili moja kama kabrasha la karatasi. Zimegawanywa katika majedwali. Lipo jedwali la wagonjwa: namba, jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa. Lipo la mahudhurio: nani alifika, siku gani, saa ngapi. Lipo la magonjwa, la vipimo vya maabara na la dawa. Kinachoyaunganisha ni ile namba ya mgonjwa na namba ya hudhurio lake. Aliyeuweka wazi mpango huu ni Mwingereza mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, Edgar Codd, katika makala yake ya mwaka 1970. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyahoji majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL.

Lugha hiyo si ngumu kama Kilatini. Maneno yake makuu ni machache: chagua habari fulani, kutoka jedwali fulani, penye sharti fulani, kisha zikusanye kwa mafungu. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuyashika kwa wiki moja. Ugumu ni kujua unachouliza. Kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Hufanya ulichosema, si ulichokusudia, wala haitakuuliza, "Bwana, una hakika?"

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Hospitali sitaitaja, wala wakubwa wangu sitawataja, kwa sababu kosa lilikuwa la kwangu.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Mganga wetu mkuu akataka kujua: katika watoto wa chini ya miaka 5 waliofika na homa, ni wangapi waliopimwa? Nililichukua jedwali la mahudhurio, nikaliunganisha na jedwali la maabara, nikahesabu. Jibu likatoka kwa nukta chache za saa: asilimia 100. Nilifurahi. Nikachora na mchoro wa rangi. Taarifa ikapelekwa juu, ikasomwa katika mkutano, hospitali yetu ikasifiwa, nami nikapigiwa makofi.

Siku chache baadaye nilikuwa nikibandika mchoro ule ukutani. Akapita muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akausoma mchoro kwa utulivu, kisha akasema, "Mwanangu, hawa wote ni wa mchana. Wangu wa usiku umewaweka wapi?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akanieleza kwamba vipimo vya malaria hufungiwa maabara, na fundi wa maabara akiondoka jioni huondoka na ufunguo. Mtoto akiletwa usiku wa manane anachemka, yeye hana cha kumpimia. Humpa dawa kwa kukisia, akaandika katika kompyuta, asubuhi mama na mtoto wakaenda zao.

Nilirudi mezani nikalitazama swali langu. Ndugu zangu, nilikuwa nimefanya kama yule wa madaftari mawili. Nilikuwa nimeiambia kompyuta iniletee watoto wanaoonekana katika jedwali la mahudhurio na pia katika jedwali la maabara. Mtoto asiyepimwa hana mstari katika jedwali la maabara, kwa hiyo aliondolewa kabla sijaanza kuhesabu. Nilikuwa nimeuliza, "Katika watoto waliopimwa, wangapi wamepimwa?" Swali hilo jibu lake ni asilimia 100 siku zote, hata kama amepimwa mtoto mmoja tu.

Namna iliyo sahihi ni kushika orodha nzima ya watoto kwanza, kisha kubandika majibu ya maabara pale yalipo, na pasipo na jibu paachwe wazi. Tuseme waliofika ni watoto 60 na waliopimwa ni 41. Kwa njia ya kwanza 19 hawaonekani, na taarifa inapendeza. Kwa njia ya pili 19 wanaonekana, na taarifa inauma. Nilipouliza upya, watoto wa usiku walitokea, mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake ya kufika.

Kusahihisha swali kulinichukua dakika kumi. Kwenda kwa mganga mkuu kulinichukua siku mbili. Nilijiambia kwamba taarifa imekwisha kwenda, na kwamba mwezi ujao nitaiandika vizuri. Nikaona pia kwamba mwezi huo mzima watoto wataendelea kupewa dawa kwa kukisia, na pengine yumo mwenye ugonjwa mwingine kabisa, nimonia kwa mfano, anayekwenda nyumbani na dawa za malaria. Nikaenda. Mzee alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa huko juu tutasema nini?" Nikamjibu kwamba nitaandika barua ya masahihisho na kutia sahihi yangu. Akaniambia, "Andika zote mbili, yako na yangu." Sanduku la vipimo likahamishiwa chumba cha zamu ya usiku. Sikupigiwa makofi tena, lakini yule mama nilipomwamkia aliitika akicheka.

Tangu siku hiyo nina mazoea machache ambayo napenda kuwaachia wale mtakaofanya kazi hii, na pia ninyi wakubwa mnaoletewa taarifa mezani.

La kwanza, tutofautishe watu na mahudhurio. Mgonjwa mmoja aliyefika mara tatu ni mtu mmoja na mahudhurio matatu. Asiyetofautisha ataagiza dawa za watu ambao hawapo.

La pili, sufuri si sawa na pasipoandikwa. Mahali pa uzito wa mtoto pakiwa wazi, haina maana kwamba mtoto hana uzito. Maana yake hakuna aliyempima. Kompyuta ikitafuta wastani huruka palipo wazi bila kukuarifu.

La tatu, tuangalie mwisho wa mwezi. Ukiomba wagonjwa wa kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 31, na kompyuta imehifadhi tarehe pamoja na saa, mara nyingi tarehe 31 huishia pale inapoanza, saa sita usiku. Wagonjwa wa siku hiyo nzima wanapotea. Afadhali kusema: kuanzia tarehe 1 ya mwezi huu, na kabla ya tarehe 1 ya mwezi ujao.

La nne, saa zetu. Mkunga ameandika kitabuni kwamba mtoto amezaliwa saa 8 usiku. Anayeingiza kwenye kompyuta akipiga 8 kama ilivyo, mtoto amezaliwa saa mbili asubuhi. Nimewahi kuona mtoto aliyezaliwa baada ya kupewa chanjo yake ya kwanza. Tulicheka, kisha tukaanza kusahihisha.

La tano, majina ya magonjwa. Katika orodha ya kimataifa ya ICD-10, malaria haina namba moja, bali imetawanyika kuanzia B50 hadi B54. Aliyeuliza B54 peke yake amewaacha nje wale ambao daktari aliwaandika kwa uangalifu zaidi, akataja na aina ya vimelea.

La sita, na ndilo kubwa: kabla ya kuiamini taarifa, chukua siku moja tu, fungua kitabu cha karatasi, hesabu kwa kidole. Kisha muulize aliyekuwa zamu. Sijapata kuona mashine inayomshinda muuguzi wa miaka thelathini kwa kujua ni nani hayumo katika hesabu.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kumaliza bila kugusa siri ya mgonjwa. Anayeweza kuuliza watoto wangapi wana malaria anaweza pia kuuliza jirani yake anatumia dawa gani. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Lakini sheria iko mbali, na kompyuta iko karibu na kidole chako. Zamani hapa shuleni tulifundishwa kutofungua barua ya mwenzako hata ikiwa haikugundishwa. Fundisho hilo bado linatosha. Taarifa ikihitaji hesabu, toa hesabu. Jina libaki hospitalini.

Vijana, mkisikia neno kompyuta msidhani ni la wanahisabati tu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alizoea kuturudishia insha akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ulikusudia nini hapa?" Nilimchukia kwa hilo. Leo, kabla sijabonyeza kitufe cha kutafuta majibu, najiuliza swali lile lile, na siku niliyosahau kujiuliza nimekwisha kuwaeleza ilikuwaje.

Kwa wenzangu mlio na vyeo, ombi langu ni moja. Mkiletewa taarifa yenye asilimia 100, msipige makofi upesi. Ulizeni kwanza ni nani asiyehesabiwa. Na akija kijana ofisini kuwaambia kwamba taarifa aliyowapa ilikuwa na kosa, mwambieni aketi, mumsikilize.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula kinaandaliwa bwaloni. Naomba kiranja ahakikishe kwamba walio bwenini nao wamekumbukwa.