Alama ya Ukutani Haitoshi



Tumekutana tuulizane swali moja: sheria ya ujenzi humlinda nani?

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto. Watu wasiopungua 49 walipoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji waliendelea kulala humo.

Sheria hatukuzikosa. Ile ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ya mwaka 2011, inamkataza mtu kufanya ukandarasi bila kusajiliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tulichokosa ni utekelezaji. Alama ya ukutani haimhamishi maskini asiye na pa kwenda, wala haimwogofyi tajiri anayetumaini kesi itaahirishwa mwaka hata mwaka.

Basi tusingoje vifusi. Kila mtaa na kila kanisa lake tuulize kwa maandishi, na nakala tuzihifadhi: ramani iliidhinishwa na nani? Mkandarasi amesajiliwa? Mkaguzi alifika lini? Na jengo likihukumiwa, tudai wapangaji wapewe pa kuhamia kwanza.

Wahenga walituonya juu ya ufa. Kule Huruma haukusalia hata ukuta wa kuzibwa.