Makosa ya Kiingereza Chetu cha Kuandika, na Namna ya Kuyaondoa

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Niliombwa nichague jambo litakalowafaa vijana na lisiwachoshe wazee. Nimechagua makosa tunayoyafanya tunapoandika Kiingereza.

Sisemi haya ili kukitukuza Kiingereza. Kiswahili kimekua, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa moja ya lugha zake za kazi. Lakini sote twajua kwamba katika sekondari zetu masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana anaweza kuelewa barabara jinsi damu inavyozunguka mwilini, lakini mtahini hamwoni kijana huyo. Anachokiona ni karatasi yake tu. Ikiwa karatasi inasema jambo jingine, alama zinakwenda, na kijana anahesabiwa mjinga katika jambo analolijua. Baadaye mambo huwa vivyo hivyo kwa barua ya kuomba kazi. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuizuie.

Kwanza, tuelewane juu ya neno "sanifu". Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Haikuwa na maana kwamba watu wa Mvita au wa Lamu hawakujua kusema. Yalikuwa mapatano, ili kitabu kilichochapwa mahali pamoja kisomeke kila mahali. Kiingereza Sanifu nacho ni mapatano ya namna hiyo, na wenyewe hawakupatana kwa kila jambo. Noah Webster wa Marekani alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na Wamarekani huandika "color" na "center" mahali ambapo Waingereza huandika "colour" na "centre". Hakuna aliyekosa hapo. Kosa ni kuchanganya yote mawili katika karatasi moja. Sisi shuleni tumefuata mtindo wa Uingereza. Basi tuufuate mpaka mwisho wa ukurasa.

Sasa niingie katika kiini cha maneno yangu. Katika kazi yangu husoma barua na taarifa nyingi, na nimeona kwamba makosa yetu mengi hayatokani na uvivu wala upungufu wa akili. Yanatoka katika Kiswahili kizuri kilichovikwa nguo za Kiingereza. Mwandishi amefuata kanuni kwa uaminifu kabisa, ila ni kanuni za lugha nyingine. Kwa hiyo dawa ni kujua ni mahali gani lugha hizi mbili zinaachana njia. Mahali hapo si pengi. Nitataja machache.

La kwanza ni mwanamume na mwanamke. Kiswahili husema "amefariki", "ameacha watoto", bila kuuliza ni baba au mama. Kiingereza hakikuruhusu hivyo. Ni lazima uchague "he" au "she". Sasa chukueni barua ya mirathi. Aya ya kwanza inasema "he", aya ya pili inasema "she", na mambo ni ya mtu yule yule. Msomaji aliye ofisi nyingine, asiyeijua familia ile, atauliza: aliyefariki ni mume au ni mke? Jalada litarudishwa lilikotoka ili lifafanuliwe. Siku zinapita, na watoto wanangoja ada. Herufi moja tu imetenda hayo. Dawa yake ni kwamba ukimaliza kuandika, utie kidole juu ya kila "he", "she", "his" na "her", na ujiulize ni nani anayetajwa.

La pili ni vijineno "a", "an" na "the". Kiswahili hakina vijineno hivi, kwa hiyo tunaandika "I have received letter", kwa sababu "nimepokea barua" imekamilika. Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Jina la kitu kinachohesabika, kikiwa kimoja, halitembei uchi katika Kiingereza. Ni lazima litanguliwe na kitu: "a letter", "the letter", "my letter", "this letter". Mtu akiandika "a letter" anataja barua yoyote. Akiandika "the letter" anataja ile ambayo msomaji anaijua. Sisi wenyewe tunayo tofauti hiyo tunaposema "barua" na "ile barua".

La tatu ni wingi. Twasema vifaa, samani, mizigo, mashauri; basi tunaandika "equipments", "furnitures", "luggages", "advices". Katika Kiingereza majina haya huhesabiwa kama sisi tunavyohesabu maji au mchanga, yaani hayahesabiki. Andika "equipment", "furniture", "luggage", "advice", na vivyo hivyo "information". Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of furniture". Kosa hili huonekana sana katika orodha za mali na maombi ya ununuzi.

La nne ni sentensi za sharti. Kiswahili hupenda mizani: "Ningejua, ningekuja." Alama ya "nge" iko pande zote mbili. Ndiyo maana kijana huandika "If I would know, I would come." Kiingereza hutia "would" upande mmoja tu: "If I knew, I would come." Na jambo likiwa limekwisha pita: "If I had known, I would have come." Ndugu yake kosa hili ni lile la "ingawa" na "lakini". Sisi husema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na sikio halikatai. Kiingereza hukubali kimoja: ama "although", ama "but".

La tano ni "tangu". Mtu huandika "I am working here since 2015", kwa kuwa Kiswahili husema "ninafanya kazi hapa tangu mwaka 2015", na kazi kweli inaendelea. Kiingereza hutaka kitendo kilichoanza zamani na kinachofika leo kielezwe hivi: "I have been working here since 2015." Katika barua ya kuomba kazi sentensi hii haikosekani, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kusomwa.

La sita ni maneno yanayotumika huku na huku. "Niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kimoja. Kiingereza kina viwili: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Basi "borrow me your pen" ni Kiswahili safi, lakini si Kiingereza. Wala haya si maneno ya kalamu tu. Katika hati ya mkopo, kubadilisha maneno haya ni kubadilisha nani anadai na nani anadaiwa.

La saba ni jibu la swali la kukanusha. "Hujalipa ada?" Sisi hujibu "Ndiyo", maana yake ni kweli, sijalipa. Mwingereza akiulizwa "Haven't you paid the fees?" akajibu "Yes", maana yake amelipa. Watu wawili waaminifu wanaweza kutoka katika mazungumzo hayo kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Jibu kwa sentensi nzima: "No, I have not paid." Hapo hapana wa kukosea.

Yako pia makosa ambayo Kiswahili hakihusiki nayo. Tunaandika "we discussed about the matter", "he emphasized on discipline", "I request for leave". Hapa Kiingereza chenyewe ndicho kinachotega mtego. Jina huchukua kijineno: "a discussion about", "an emphasis on", "a request for". Kitenzi hakichukui: "we discussed the matter", "he emphasized discipline", "I request leave". Tumelichukua jina na mkia wake tukaupachika kwenye kitenzi. Tena kuna "its" na "it's". Yenye alama ya juu ni kifupi cha "it is" au "it has". Isome sentensi kwa urefu. Ikikataa, ondoa alama. Halafu "lose" ni kupoteza, na "loose" ni kulegea. Na wale ambao lugha za nyumbani haziwatengi "r" na "l", wachunguze "collect" na "correct", kwa maana kukusanya fedha na kusahihisha fedha ni kazi mbili tofauti kwa mhasibu.

Vijana wasidhani kwamba Waingereza na Wamarekani wamezaliwa wakijua haya. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada ilitaja orodha ya kazi zisizolipiwa, na mwishoni ikasema "packing for shipment or distribution" bila mkato baada ya neno "shipment". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakauliza: je, kusambaza ni kazi ya peke yake katika orodha, au sheria inataja kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Wao walikuwa wakisambaza, si kufungasha. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno yale yana utata, ikaamua upande wa madereva, na mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa dola milioni 5. Sheria ile waliitunga watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza.

Huko Uingereza nako, Hazina ya Serikali iliona jinsi barua za watumishi wake zilivyowatatiza wananchi, ikamwomba Sir Ernest Gowers, naye mtumishi wa Serikali, aandike mwongozo. Kitabu chake, Plain Words, kilitoka mwaka 1948. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba mtu aandike kwa maneno mepesi na machache, akimfikiria atakayesoma. Nasi tulishike shauri hilo. Yuko kijana anayedhani Kiingereza kikubwa ni chenye maneno marefu. Sentensi fupi iliyo sahihi inamshinda mtu aliyeandika ukurasa mzima wa maneno aliyoyaokota katika kamusi.

Sasa nipendekeze mambo matatu. Kwa wanafunzi: msisahihishe kila kitu kwa mara moja. Jicho linalotafuta makosa yote halioni hata moja. Soma karatasi yako mara tatu. Mara ya kwanza tazama "he" na "she" na vile vijineno vidogo. Mara ya pili tazama vitenzi: nyakati, masharti, na ile "s" ya "he works". Mara ya tatu tazama tahajia na vituo. Katika mtihani bakiza dakika kumi kwa kazi hiyo. Na kila mmoja awe na daftari la makosa yake mwenyewe, maana makosa ya mtu hujirudia, na baada ya miezi michache atakuta ni yale yale matano au sita.

Kwa walimu wetu, ambao nawaheshimu sana: wino mwekundu humwonyesha mwanafunzi kwamba amekosa, lakini haumwambii kosa limetoka wapi. Mkimwambia "hapa umeandika Kiswahili", atalitambua mara nyingine. Naomba pia Kiswahili kifundishwe kwa uzito ule ule. Asiyejua kwamba Kiswahili kina "nge" mbili atawezaje kujua kwamba Kiingereza kina "would" moja?

Kwetu sisi wa zamani: wengi wa rika langu na walionitangulia mnakikumbuka kile kibao ambacho katika shule nyingi mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa shingoni. Kibao kile kilifundisha hofu, na hofu haikuwa Kiingereza. Wako waliojifunza kunyamaza, wakanyamaza darasani, na baadaye wakanyamaza katika mikutano ya kazi, hali wanayo mawazo mema kuliko wasemaji. Badala ya kucheka barua ya kijana anayeomba kazi, tumwite tumwonyeshe. Napendekeza Chama chetu kianzishe utaratibu wa wanachama kusoma barua na insha za wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita, na kuzirudisha zikiwa na maelezo. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jioni moja kwa mwezi.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Aliyeteleza ampate wa kumshika mkono, na aonyeshwe palipo na utelezi.

Vijana wa Kidato cha Nne, nawatakia mtihani mwema.